Marufuku Kuketi Kilimani

Nchi yenyewe ipo, ila siku mambo haya yalipotokea ramani yake ilikuwa imepelekwa kupakwa rangi upya, kwa hiyo jina halikusomeka vizuri. Haidhuru. Waliozaliwa humo wataitambua bila jina.

Ilikuwa nchi ya watu wenye adabu kubwa. Mtu wa huko akiulizwa hali, hutanguliza uzima. Hata kama anapitishwa mbele yako kwenye machela, ukimwuliza "Hujambo?" atajibu "Sijambo," na za nyumbani ni nzuri, na watoto wote wazima. Kisha, mkishaketi na kunyamaza kidogo, ndipo hushusha sauti na kusema, "Ila..." Ndani ya hiyo ila ndimo zilimokaa homa, njaa, misiba na mapaa yaliyoezuliwa na upepo, zikisubiri zamu yao. Kila mtu alilijua hilo. Hata Serikali ililijua, kwa kuwa nayo ililelewa na mama zake, lakini ilikuwa na kazi nyingi ikasahau.

Bi Mwatumu wa Kilima cha Mawe alikuwa na ila moja, nayo ilikuwa imelala ndani. Ilikuwa mumewe, Mzee Jongo, aliyebeba magunia kwenye mabohari ya mjini tangu ujana wake mpaka siku mgongo wake ulipokataa. Tangu hapo alikuwa mtu wa kitanda cha kamba. Asubuhi na jioni ilibidi ageuzwe na kuoshwa, la sivyo vidonda vya mgongoni viliamka na kuanza kumla. Maji ya kumwosha yalikuwa bondeni, na nyumba ilikuwa juu. Bi Mwatumu alikuwa bibi wa vitukuu, na katika masika yaliyopita kifua chake kilikuwa kimeanza kumbana kila alipofika nusu ya njia na ndoo kichwani.

Lakini alikuwa na tumaini. Chini ya kilima, karibu na kisima, Idara ya Maji ilikuwa imeshusha mabomba meusi yaliyoviringwa kama majoka yaliyoshiba, na injinia alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba mvua nyingine haitanyesha kabla maji hayajafika juu. Kila alipopita Bi Mwatumu aliyagusa yale mabomba kwa kiganja, kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe aliye karibu kuzaa.

*

Wakati huohuo, upande wa pili wa mji, katika mtaa wa Kivulini, wazee walikuwa wanakufa vibaya. Walikuwa wanafia kwenye viti, tena viti vikiwa bado vipya. Huyu alikuwa mkurugenzi mstaafu, yule balozi mstaafu, na wote walikutwa wameegemea vizuri, kijiko mkononi. Nchi ilitikisika. Kuna watu wanaokufa nchi isitikisike, lakini hawa walikuwa watu wenye nyimbo za taifa kwenye simu zao.

Waziri wa Uzee Mwema, Mheshimiwa Tegemeo, akaunda tume. Tume ikampata Profesa Mwendapole, bingwa wa sayansi ya mwili unaotembea, na yeye akagundua kwamba mwili usiotikiswa huoza ungali hai. Sasa ilibidi apatikane mzee anayetikiswa vya kutosha, ili achunguzwe. Wataalamu wakatazama dirishani. Kwa mbali wakaona kilima, na juu ya kilima vidoa vidogo vikipanda na kushuka tangu alfajiri.

"Wale ni nani?" akauliza Profesa.

"Ni vikongwe, Profesa. Wanachota maji."

"Kwa hiari yao?"

"Hatujawahi kuona mtu akiwalazimisha."

*

Mtafiti aliyefika kwa Bi Mwatumu alikuwa kijana nadhifu, mwenye fulana yenye picha ya mzee anayekimbia. Alisimama uani na kishikwambi chake.

"Hujambo, bibi?"

"Sijambo, mwanangu. Karibu, kaa kwanza."

"Siketi, bibi. Tumekatazwa, tutaharibu utafiti." Akagusa kioo kwa kidole. "Habari za hapa?"

"Nzuri tu."

"Na mzee?"

"Mzee yumo ndani, anaendelea vizuri." Bi Mwatumu akavuta kigoda, akakipangusa kwa upindo wa kanga, akashusha sauti kama inavyompasa mtu aliyelelewa. "Ila..."

"Ahsante sana, bibi. Umetusaidia mno."

"Mwanangu, mimi sijaanza!"

"Mashine imemaliza, bibi. Inapokea jibu la kwanza tu, ili majibu yasigongane."

Akaenda nyumba ya pili. Baada ya muda mfupi Bi Sikitu, jirani na shoga wa Bi Mwatumu tangu usichana, akatokea kwenye kona ya ua, mikono kiunoni.

"Na wewe amekuachia ila mdomoni?"

"Ameniachia."

"Mimi yangu ilikuwa ndefu, ya magoti yote mawili. Sasa niifanyeje, niile na ugali?"

*

Matokeo yalisomwa redioni. Kilima kizima kilikusanyika kwa Bi Sikitu, kwa kuwa redio yake ilikuwa na betri, na sauti ya Mheshimiwa Tegemeo ikatoka humo ikiwa imenona.

"Ndugu wananchi! Imethibitika kisayansi kwamba Kilima cha Mawe hakina mgonjwa. Wazee wote, narudia, wote, wamejibu kwamba hawajambo. Tena, jambo ambalo limewashangaza hata wataalamu wageni, katika wazee waliohojiwa hakupatikana hata mmoja aliyekwisha kufariki!"

Makofi yakasikika huko alikokuwa.

"Siri yao ni nini? Siri yao ni ndoo! Sisi viongozi tumejitoa mhanga, tunaketi kwa niaba yenu mchana kutwa, miili yetu inateketea vitini. Wao wanapanda! Wanatoka jasho! Wanadunda! Na sasa mimi nimeambiwa kuna mpango wa zamani wa kuwapelekea wazee hawa bomba. Bomba! Nikauliza, nani huyu anayetaka kuwaua wazee wetu? Serikali yenu sikivu haitamwaga damu kwa kutumia maji."

Bi Mwatumu alihisi kama mtu aliyekuwa ameegemea ukuta, ukuta ukasogezwa.

Kesho yake lori likaja kuyachukua mabomba. Bi Mwatumu na Bi Sikitu walishuka mbio kadiri miguu ilivyoruhusu, wakamkuta msimamizi akiwahimiza vijana.

"Baba, mnayapeleka wapi?" akauliza Bi Mwatumu.

"Kivulini, mama. Wanajengewa kilima."

"Kilima?"

"Cha mazoezi. Hiki chenu kiko mbali nao, na kina vumbi."

"Sasa bomba la nini, kama ni cha mazoezi?"

"La kufikisha maji chini ya kilima, mama. Bila hivyo watapandisha nini?"

Bi Sikitu akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Basi si mngetuuliza? Tungewapa hiki chetu tuhamie kwao. Bado kizima kabisa, tumekipanda taratibu."

Msimamizi akacheka, kisha akaona hawacheki, akaenda kukaza kamba.

*

Bi Mwatumu na Bi Sikitu wakakata shauri kuipeleka ila yao wizarani wenyewe. Njiani walikubaliana jambo zito: wakisalimiwa, hawatatanguliza uzima. Bi Mwatumu alikuwa hajawahi kufanya hivyo maishani mwake.

"Hamjambo, mama zangu?" akasema askari wa getini.

"Tu wagonjwa," akasema Bi Mwatumu.

Askari aligeuka kushoto na kulia kama mtu aliyemwona mama mkwe akivua nguo. "Mama, taratibu," akanong'ona. "Kuna watu hapa." Akawaingiza upesi, wasije wakarudia.

Ndani, binti wa mapokezi aliwaonyesha ngazi.

"Na kile chumba kinachopanda chenyewe?" akauliza Bi Sikitu.

"Lifti ni ya wataalamu, bibi. Wataalamu ni hazina ya taifa, hawatakiwi kuchakaa. Wazee wa mfano wanapanda ngazi."

Ofisi ya Profesa ilikuwa juu kabisa, ili awaone vizuri wananchi. Walipofika, Bi Mwatumu alikuwa anaona nyota nyeupe zikielea hewani, na mkono wake ulikuwa umeshika kifua kwa ndani ya kanga. Profesa Mwendapole alisimama kutoka kwenye kiti kikubwa cha ngozi. Kusimama kwenyewe kulimchukua muda.

"Mmepanda kwa miguu? Mpaka huku?" Akafungua mlango wa pili, akapaza sauti. "Njooni, njooni mwone! Umri huu, na bado wanahema!"

Wataalamu wakatoka, wakawazunguka, wakapiga makofi. Mmoja alimshika Bi Mwatumu kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akasema hajawahi kukutana na moyo unaojituma namna ile.

"Mwanangu," akasema Bi Mwatumu alipopata pumzi, "nimekuja kwa ajili ya mume wangu. Amelala. Asipooshwa anaoza. Na mimi maji yananishinda."

"Amelala?" Profesa akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Unaona sasa, bibi, madhara ya kulala."

"Hakuanza kwa kulala. Alianza kwa kubeba. Amebeba magunia ya watu mpaka mgongo ukakatika. Alitikiswa huyo, Profesa, kuliko mtu yeyote wa Kivulini. Mbona hakupona?"

Wataalamu wakatazamana. Profesa akawapungia mkono warudi ndani, akafunga mlango, akaketi. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu.

"Tunajua, bibi. Tuliliona. Anayebeba kwa kupenda, akachoka akatua, akala, akalala, huyo mzigo unamponya. Anayebeba asipoweza kutua, huyo mzigo unammaliza. Ni uzito uleule. Lakini sentensi hiyo ni ndefu, na Mheshimiwa anapenda sentensi fupi."

"Si ungemwambia polepole?"

"Nilimwambia nusu," akasema Profesa. "Ile nusu ya kwanza." Kisha akabonyeza kengele, na wakaonyeshwa ngazi za kushukia.

*

Kabla kilima cha Kivulini hakijakamilika, wakubwa waliruhusiwa kujizoeza kwenye kile cha wenyewe. Wakawa wanakuja kila Jumamosi kwa magari yenye baridi ndani, wakiwa na viatu vyeupe na mwalimu wa mazoezi mwenye filimbi. Kila mmoja alipewa ndoo ndogo ya rangi aliyoichagua. Walipanda wakiimba, wakafika juu, wakapigiwa makofi, kisha wakamwaga maji ili washuke wepesi.

Jumamosi moja Bi Mwatumu alikuwa mlangoni, Mzee Jongo hajaoshwa tangu jana. Alimwona mama mmoja wa umri wake, mke wa jaji mstaafu, Bi Leontina, akiinamisha ndoo yake juu ya mchanga.

"Dada! Usimwage, dada yangu. Nigawie. Nina mgonjwa ndani."

Bi Leontina akasita. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa jua, na mwema. "Chukua tu, jamani. Mimi ya nini?"

Filimbi ikalia. Mwalimu wa mazoezi alifika, akaendelea kukimbia pale pale aliposimama, magoti juu.

"Mama Jaji, hapana! Ukimpa, umemwibia safari yake ya jioni. Tutakuwa tumemfupishia maisha."

"Lakini anasema ana mgonjwa..."

"Anasema hivyo sasa. Kwenye utafiti alisema hajambo."

Bi Leontina akamtazama Bi Mwatumu kama mtu anayeomba radhi kwa lugha asiyoijua, akamwaga. Mchanga ukanywa. Bi Sikitu, aliyekuwa akitazama kutoka uani kwake, akaita kwa sauti kubwa, "Mwache, mwenzangu! Na mchanga nao ni mzee, ulikuwa hauna afya!" Wageni wakacheka sana, wakampungia mikono, wakasema watu wa kilima wana furaha.

*

Katikati ya njia kulikuwa na jiwe pana. Lilikuwa na kimo cha kiuno, kiasi kwamba mtu aliweza kutua ndoo juu yake, akaketi kando ya ndoo, kisha akajitwisha tena bila kusaidiwa. Wanawake wa kilima, na mama zao, na bibi zao, walikuwa wameliketia mpaka likang'aa.

Hapo ndipo Bi Sikitu alipotua ndoo asubuhi moja, akaketi, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti yake.

"Twende, jua litatukuta," akasema Bi Mwatumu.

"Tangulia, mwenzangu. Naimalizia pumzi hii, nakuja."

Bi Mwatumu alipanda, akamwosha mumewe, akashuka. Alimkuta Bi Sikitu bado ameketi, kichwa kimeinama kidogo kama anayesikiliza. Ndoo ilikuwa kando yake, imejaa, na maji yake yametulia kabisa.

Wizara ilituma wachunguzi, kwa kuwa Kilima cha Mawe kilikuwa mali ya sayansi na hakikuruhusiwa kufiwa ovyo. Walimpima marehemu, wakalipima jiwe, wakauliza alikuwa anafanya nini wakati wa kufa. Watu wakasema, kwa ukweli, alikuwa ameketi. Jioni Mheshimiwa Tegemeo akalitangazia taifa, sauti ikimtetemeka, kwamba kiti kimevamia mpaka kilimani. Mama aliyepanda maisha yake yote bila kudhurika ameketi mara moja tu, akafa.

Jiwe likavunjwa kwa nyundo, na kokoto zake zikapelekwa Kivulini kutandaza njia ya kilima kipya. Mabango yakasimikwa: MARUFUKU KUKETI KILIMANI. Wakaajiriwa Askari wa Mapumziko, ambao kazi yao ilikuwa kuona kwamba hakuna anayepumzika. Walipewa viti na miavuli, kwa sababu kazi ya kutazama huchosha.

*

Tangu hapo Bi Mwatumu alipanda peke yake. Kwa kuwa hapakuwa na jiwe, hakuweza kutua. Akitua chini nani angemtwisha? Alipanda mfululizo, kifua kikimbana kama kanga iliyofungwa na mtu mwenye hasira, na alipopunguza mwendo filimbi ilimsukuma. Safari zikapungua. Alianza kumwosha Mzee Jongo mara moja tu kwa siku, na vidonda vilivyokuwa vimelala vikafungua macho.

Jioni moja aliingia na ndoo, akaanza kukunja mikono ya gauni.

"Mwatumu," akaita mumewe.

"Abee."

"Leo usinioshe."

"Maji ninayo."

"Najua unayo. Nimekusikia ukipanda nayo. Kifua chako kinafika mlangoni kabla yako."

"Nyamaza, mzee wangu. Geuka nikushike."

"Sigeuki." Alikuwa ameshika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, mikono iliyokuwa bado mikubwa. "Nimekuwa nawaza humu ndani. Waziri hataki uketi. Profesa hataki, askari hataki. Nikajiuliza, katika nchi hii, ni mwanamke gani aketi wasithubutu kumwinua?"

Bi Mwatumu alilijua jibu tayari, na alitaka asilijue.

"Mjane," akasema Mzee Jongo. "Nikifa utakaa eda. Hata mama yake Waziri aliikaa."

"Usinitamkie maneno hayo! Nimekuudhi nini mimi, Jongo?"

"Hujaniudhi. Maisha yangu yote nimebebea watu magunia, na wewe sijawahi kukuletea hata kiti. Niache nikuletee hiki."

Alimwosha kwa nguvu siku hiyo, wote wawili wakilia, maji mengi yakaishia sakafuni. Siku zilizofuata alimwotea akisinzia ndipo amwoshe. Akiamka alimsukuma mkono, kwa upole, kama anayekataa kuongezwa chakula. Homa ikaja. Mzee Jongo alimwacha asubuhi moja jua likiwa limeshapanda, mkono bado umeshika ubao wa kitanda, na watu wa kilima wakamzika kabla ya alasiri.

*

Bi Mwatumu alipokosa kuonekana njiani, Askari wa Mapumziko alikuja kupiga hodi.

"Bibi, mbona hupandi?"

"Nimekaa eda," ikajibu sauti ya ndani.

Askari akatafakari amri zake. Zilitaja kuketi juu ya jiwe, juu ya kiti, juu ya ndoo iliyofudikizwa, na kuchuchumaa kwa nia ya kupumzika. Eda hazikuitaja. Akampigia simu mkuu wake, mkuu akampigia mwingine, mpaka simu ikafika kwa Mheshimiwa Tegemeo. Inasemekana alimkumbuka mama yake.

"Mwacheni akae," akasema.

Akakaa. Jirani zake, kila mmoja akipita na ndoo, waliingia na kummiminia kidogo kwenye pipa lake, kwa kuwa mjane wa eda hatoki kuchota. Muuguzi wa kike akatumwa kumpima. Mapigo ya moyo yakakutwa yametulia, na kifua hakibani tena. Haikupita wiki redio ikatangaza kwamba ujane, kwa wanawake wa umri mkubwa, umethibitika kuwa na manufaa kwa moyo.

Wanawake wa kilima waliisikia taarifa hiyo. Waliporudi majumbani mwao waliwatazama waume zao, aliyekuwa anakohoa na asiyekohoa, kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha wakaona haya wakaenda kuwasha moto.

Mmoja wao, Bi Kazija, alirudi siku ya pili akiwa na maji yake ya kuchangia. Aliyamimina, akasimama mlangoni akizungusha kata ya kichwani vidoleni mwake, macho yake chini.

"Bibi," akauliza kwa sauti ndogo, "ni kweli inapumzisha?"

Bi Mwatumu alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha. Kitanda cha kamba kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Alilitazama pipa, lililokuwa limejaa mpaka ukingoni.

"Maji sasa yanabaki," akasema.